Uzoefu wa Mchanga

Mchanga ulipofika kwenye kizingiti cha mashine yangu ya kusaga, watu waliokuwa ndani walikuwa wakibishana juu ya nani anafaa kuwa rais. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kumpoteza mke wangu, ingawa siku ile nilijiona mume mwenye bahati, mume wa mwanamke ambaye mji mzima umegundua kuwa unamhitaji.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo. Liliandikwa kwenye ubao pale barabara inapoingia, mchanga ukapanda, ukalimeza kuanzia chini, na lilipokwisha kumezwa tukaona uvivu wa kutamka neno lisilosomeka popote. Wageni wakituuliza hapa ni wapi, tuliwajibu: hapa. Waliridhika, wakapita. Sisi tukabaki. Nimewahi kufikiri kwamba mtu akiishi muda mrefu mahali pasipo jina, kuna kitu kinalegea ndani yake, kama kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Anaanza kusema "watu wanasema" badala ya "mimi nasema". Anaanza kuuliza ruhusa ya mambo ambayo hakuna aliyemkataza.

Mchanga haukuja kwa kishindo. Ungekuja kwa kishindo tungekimbia. Ulikuja kwa adabu. Asubuhi uliukuta kwenye sufuria, kwenye viatu, kwenye masikio ya mtoto aliyelala. Ulipofika magotini tuliongeza kuta kwa juu, tukainua mapaa, madirisha yakawa milango, na wenye uwezo wakawaita jamaa zao kuja kuona nyumba zao mpya. Tukayaita maendeleo. Nyuma ya mji, kule vilimani, tipa za serikali zilipita kila siku zikiwa zimejaa mchanga, na redio ilitwambia kwamba zinauondoa. Watoto walizipungia mikono. Na sisi tulizipungia.

Uchaguzi ulikuwa Ijumaa. Tatizo ni kwamba Alhamisi ilikuwa haiishi. Jua lilizama, likachomoza, na mtangazaji wa redio akasema kwa sauti ileile ya usingizi, "Leo ni Alhamisi." Mwanzoni tulitazamana. Halafu tukazoea. Nywele za watu zilianza kuwa nyeupe katika Alhamisi ile, na wasichana niliowajua wakicheza kamba waliolewa humo humo ndani yake, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu mtu atapiga kelele kwa nani kwamba kesho haijafika?

Basi watu walingojea uchaguzi, na mahali walipongojea ni kwenye mashine yangu. Walikuja na mahindi yao, wakakaa juu ya magunia, unga ukawapaka vichwa na kope hadi wote wakafanana. Kijana na mzee, muungwana na mwizi, wote weupe kama waliotolewa kaburini. Niliwatambua kwa sauti tu.

"Mimi nampa Mkuu, na sibabaiki," alisema Machano siku ile. Machano ni fundi cherehani, rafiki yangu tangu utotoni, mtu asiyeweza kunyamaza mpaka mashine izimwe na asiyeweza kusema mpaka iwashwe. "Mkuu anaujua mchanga. Alipoingia madarakani ulikuwa unatufika kwenye vifundo vya miguu. Leo umepita magoti, na yeye bado anapambana nao. Nani mwingine nchi hii ana uzoefu wa kupambana na mchanga muda wote huo?"

"Uzoefu bila elimu ni mazoea," alijibu Bi Kazija. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na alikuwa bado anatusahihisha. "Mimi nasema Daktari Ngwali. Kausomea mchanga mpaka vitabu vyake vimekwisha."

"Kausomea wapi, mwalimu?"

"Ng'ambo."

"Na huko kuna mchanga?"

"Hakuna. Ndiyo maana wakapata nafasi ya kuusoma."

Watu walicheka, unga ukapeperuka. Machano alisema daktari huyo hajawahi hata kuongoza kikao cha harusi. Bi Kazija akasema Mkuu hawezi kusoma barua mpaka asomewe. Machano akasema rais hahitaji kusoma, ana watu wa kumsomea. Bi Kazija akauliza, basi kwa nini tusiwachague hao watu? Yakawa hayo, kwenda na kurudi, kama mawe mawili ya kusagia yasiyowekewa nafaka.

Mke wangu alikuwa kwenye pembe, anafunga mdomo wa gunia. Jina lake Siwema. Nilimwoa kwa sababu ya macho yake, ambayo yakikutazama unahisi umesema uongo hata kama hujafungua mdomo. Alikaza kamba, akainua kichwa, akauliza:

"Uzoefu wa nini?"

Hakuuliza kwa nguvu. Lakini nilikuwa nimezima mashine muda huohuo ili nikung'ute ungo, na swali likaanguka katika ukimya.

"Wa kutawala," alisema Machano.

"Nauliza tena. Mtu akikaa na mgonjwa, akakaa, akakaa, na mgonjwa kila siku anazidi. Huyo amepata uzoefu wa kutibu, au amepata uzoefu wa kutazama mtu akifa?"

Hakuna aliyejibu. Nilisikia punje za mchanga zikiteremka kizingitini. Halafu Mwatima, jirani yetu, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa vilimani na kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikifukiwa kwanza, alisema polepole:

"Siwema, kwa nini usigombee wewe?"

Watu walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikufa njiani. Niliona nyuso nyeupe zikigeuka moja moja kumtazama mke wangu. Niliona pia jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimwoe: aliona haya.

"Haya, tumuulize," alisema Machano. "Mgombea lazima aulizwe. Dada Siwema, umewahi kuongoza nini?"

"Nyumba yangu."

"Nyumba kila mtu anaongoza."

"Basi kila mtu anaweza."

"Usitufanyie mzaha. Umewahi kusimama mbele ya jeshi?"

"Jeshi limewahi kusimama mbele yangu. Lilikuja kuvunja banda la baba."

Mwatima alipiga makofi peke yake. Lakini Bi Kazija aliinuka kutoka kwenye gunia lake, akajipangusa unga kwenye vidole, na nilijua kwamba sasa darasa limeanza.

"Mwanangu," alimwambia Siwema, na alimpenda, sitaki mtu adhani hakumpenda, "nikueleze kwa nini haiwezekani. Kiongozi mzoefu ni yule ambaye makosa yake yamekwisha kupita. Makosa ya Mkuu tunayajua. Yametuuma, tumepata sugu. Wewe makosa yako yote bado yako mbele. Yatatuuma upya. Mimi ni mtu mzima, sina tena ngozi ya kuumwa upya."

Watu waliguna kwa kukubali. Ndiyo, walisema. Hapo mwalimu kasema. Na mimi, niliyesimama na ungo mkononi, nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu sababu ya mambo yote. Tulikuwa tumeshaujua uzito wa mguu uliotukanyaga shingoni, tukaupangia mpaka pumzi zetu, na tuliogopa kwamba mguu ukiondoka pumzi itatupalia.

Lakini hawakumwacha. Watu wanaomkatalia mtu jambo hupenda kumpa njia, ili wasijione wakatili. Machano ndiye aliyesema: aende mji mkuu, aombe kazi kwenye Idara ya Mchanga, aanzie chini. Akirudi atakuwa na uzoefu, na Alhamisi bado ni ndefu. Wote wakasema hiyo ni haki. Mwatima tu alinyamaza.

Asubuhi iliyofuata, ambayo nayo ilikuwa Alhamisi, nilimsindikiza mpaka pale ubao wa jina la mji ulipokuwa zamani. Alibeba kanga mbili na sufuria ndogo.

"Unataka kwenda kweli?" nilimuuliza.

"Ulisikia walivyonyamaza nilipouliza?"

"Nilisikia."

"Nataka wanyamaze vile tena, halafu safari hii wasipate cha kunijibu." Akanishika mkono. "Nitarudi kabla ya Ijumaa, Shaame."

Alipoondoka nilizoea kuzungumza na mashine. Nilizungumza nayo juu ya wakati. Nilisema: labda wakati haupiti, labda ni sisi tunaosagwa ndani yake, tunaingia punje na kutoka unga, na anayetukinga chini kwa gunia lake hatumwoni. Mashine ilinguruma tu. Watu waliendelea kuja, wakakaa juu ya magunia, wakabishana kama awali. Nilimzika mama yangu katika Alhamisi ile. Meno mawili yakanitoka. Mchanga ulipita kizingiti, nikainua mashine juu ya matofali, ukayafikia matofali.

Halafu nikaenda kumwona.

Nyumba Kuu, anakokaa Mkuu, iko juu ya kilima, na kilima chenyewe ni kijani. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Niliinama nikagusa nyasi. Hapakuwa na punje hata moja ya mchanga, wala barabarani wala kwenye viatu vya watu. Idara ya Mchanga ilikuwa jengo refu lililopakwa rangi mpya, na ndani yake watu walitembea bila kelele, wamebeba vikombe vya chai. Nilimkuta mke wangu nyuma ya meza pana. Alikuwa amevaa koti. Alisimama, akanikumbatia, akanikalisha, na akaniuliza safari ilikuwaje kwa maneno mazuri yaliyopangika, kama mtu anayesoma.

"Siwema," nilisema, "ni mimi."

Ndipo akacheka kicheko chake cha zamani, na macho yakamjaa machozi. Akafunga mlango. Akanipeleka dirishani.

"Tazama," alisema.

Nyuma ya Nyumba Kuu palikuwa na shimo. Sijui niseme lilikuwa kubwa kiasi gani. Ndege waliruka ndani yake, chini yetu. Ngazi zilizunguka ukutani zikishuka mpaka zikawa nyembamba kama uzi, na huko chini kabisa watu wadogo kama chawa walikuwa wakichimba. Tipa zilipanga foleni ukingoni. Zilijazwa mchanga, moja baada ya nyingine, zikaondoka kuelekea upande ambao mimi nilikuwa nimetokea.

"Anachimba nini?" niliuliza.

"Chumba. Mkuu anachimba chumba ambamo Ijumaa haiwezi kumkuta. Kila akifika chini anaona bado Ijumaa inaweza kushuka ngazi, anaagiza wachimbe zaidi. Alhamisi haitaisha mpaka chumba kiishe."

"Na huo mchanga?"

Alinitazama na yale macho yake, na mimi ndiye niliyehisi mjinga.

"Zile tipa tunazozipungia mikono," nilisema.

"Ndizo."

Nilikaa sakafuni. Nilimwona mama yangu katika sanda, na vidole vya Mwatima vilivyochubuka kwa kushika beleshi. Nilimwambia avue koti twende nyumbani sasa hivi, asimame kwenye mashine, aseme. Neno moja tu: unatoka kwake. Wewe umeona kwa macho yako.

"Nikisema leo wataniuliza nina cheo gani," alisema. "Hapa mimi ni karani tu, Shaame. Karani amesema, mkuu wa idara akanusha, redio itasoma maneno ya nani? Ngoja nipande kidogo. Nikiwa naibu, watanisikiliza."

"Na ukiwa naibu?"

"Nitasema."

"Mchanga uko kifuani kwa Mwatima."

"Najua uko wapi," alisema kwa ukali. "Mimi ndiye ninayesaini hati za tipa."

Nje tipa zilinguruma. Baadaye alinipa chai, na nilipokuwa nikiinywa aliniambia kwamba kazi ni ngumu kuliko watu wa nje wanavyodhani, kwamba tunajitahidi, kwamba mambo haya hayana majibu mepesi. Sikumuuliza "tu" hiyo katika "tunajitahidi" ni akina nani. Nilikuwa naogopa hesabu hiyo. Niliposimama kuondoka alinitengeneza kola ya shati, na mikono yake ilikuwa laini, haikuwa na hata chembe ya mchanga kwenye kucha. Nikajua kwamba ile mikono mingine, niliyoioa, sitaiona tena.

Nilirudi nikawaambia. Nilizima mashine, nikapanda juu ya gunia, nikasema yote: shimo, chumba, tipa. Walinisikiliza kwa heshima, maana ni mimi niliyewasagia.

"Wewe umewahi kufanya kazi idarani?" aliuliza Machano nilipomaliza.

"Hapana. Nimeona kwa dirisha."

"Kuona kwa dirisha si utaalamu."

"Machano, nimeona kwa macho haya."

"Sikatai umeona. Nasema huna sifa za kueleza ulichokiona."

Bi Kazija alinishika bega. Alisema ni kawaida mtu aliyeachwa na mke kwa muda mrefu kuona mashimo. Wakanisihi niwashe mashine, jioni inaingia. Nikawasha. Nilisaga mahindi yao yote, na sikuweza kuacha kulia, na kwa kuwa sote tulikuwa weupe kwa unga, machozi yalinichora mistari usoni, wakadhani ni jasho.

Ni Mwatima peke yake aliyebaki nyuma. Hakusema ananiamini. Alisema, "Kwa hiyo nimekuwa nikilipungia lori linalouleta." Akachukua unga wake akaenda.

Sijui ni muda gani ulipita. Asubuhi moja mtangazaji alikohoa, akasema, "Leo ni Ijumaa," kisha akanyamaza, kama mtu aliyejikwaa. Tulitoka nje. Baadhi walipiga magoti. Habari zilifuata kwamba Mkuu ameshuka kwenye makazi yake mapya na kufunga mlango kwa ndani, na kwamba aliyependekezwa kushika nafasi yake, kwa sifa na uzoefu wake mrefu katika suala la mchanga, ni Naibu Siwema. Atashindana na Daktari Ngwali. Kabla ya kura, atapita kuwasalimu watu wa mji wake.

Alifika na gari jeusi. Alikuwa amezeeka vizuri, kama jengo. Watu walijaa ndani ya mashine hadi juu ya vichuguu vya mchanga vilivyofikia madirisha. Bi Kazija alikuwa hawezi tena kutembea, walimbeba kwenye kiti. Walimuuliza mke wangu maswali, na hakika yalikuwa maswali mazuri. Umeongoza watu wangapi? Umekaa kwenye vikao gani? Alijibu yote. Kila jibu Machano aligeuka kututazama, kama vile yeye ndiye aliyemshona.

Nilisimama karibu na ukuta. Nilikuwa bado na tumaini, na sijui kama kuna kitu kinachomdhalilisha mtu mzima kuliko hicho. Nilijiambia: sasa ana cheo. Sasa atasema.

Mwatima aliinua mkono. Alikuwa amekonda, na alizungumza akiwa amekaa.

"Mimi sina swali la cheo," alisema. "Nataka kujua mchanga unatoka wapi."

Ukimya ulishuka. Ulikuwa ukimya ule ule wa zamani, ule ambao mke wangu alisafiri kwenda kuutafuta, na sasa ulikuwa wake wote, umelala miguuni pake, unangoja neno moja. Alimtazama Mwatima. Akanitazama mimi. Nakula kiapo kwamba kwa kitambo kidogo midomo yake ilianza kulitamka.

"Suala la mchanga," alisema, "ni suala pana."

Alieleza kwamba lina sura nyingi. Kwamba si jambo la kunyoosheana vidole. Kwamba yeye, akiwa ndani, amejifunza kuwa chanzo cha jambo na suluhisho lake ni vitu viwili tofauti, na kwamba serikali yake itaunda tume itakayosikiliza pande zote. Alizungumza kwa muda mrefu na kwa sauti nzuri. Hakuna alichosema, na hakukosea popote.

Makofi yalitikisa mabati. Bi Kazija alilia kwenye kiti chake. "Mmemsikia?" alikuwa akisema. "Mmemsikia? Huyu sasa amekomaa!"

Watu walipotawanyika alikuja nyumbani, peke yake. Alikaa kwenye kitanda chetu, akavua viatu. Nilimwandalia uji, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumfanyia mtu huyu.

"Ulitaka niseme," alisema.

"Nilitaka."

"Ningesema, wasingenipa kura. Wangesema nimechanganyikiwa, kama walivyosema wewe."

"Watakupa leo. Kesho utawaambia?"

"Kesho nitakuwa mkuu wa nchi. Mkuu wa nchi akiwaambia watu jambo kama hilo, wataingiwa na hofu. Nchi itasimama juu ya nini?" Alishika bakuli kwa mikono miwili, kama zamani alipokuwa na baridi. "Nilijifunza kitu kimoja kule, Shaame. Ukweli una wakati wake, na ukiwa chini, wakati wake ni baadaye. Ukiwa juu, wakati wake umeshapita. Mahali pa kuusemea ni pale katikati, na sikupaona. Nilikuwa napanda ngazi nimetazama miguu yangu."

Hayo yalikuwa maneno ya kweli ya mwisho aliyonipa, nami nayatunza, ingawa hayanisaidii. Nilimuuliza:

"Angalau chumba kimekwisha. Tipa hazitakuja tena?"

Alikunywa uji. Akapangusa mdomo.

"Chumba chake kimekwisha," alisema.

Akavaa viatu, akaenda. Nilisikia gari likiondoka. Ndipo nikasimama na bakuli tupu mkononi, nikilirudia lile neno dogo, "chake", kwa sauti, mpaka likapoteza maana.

Alishinda. Mji wetu ulimpa kura zote isipokuwa chache, na kwa siku kadhaa watu walinipongeza barabarani, wakaniita shemeji hata wasionijua. Machano alitundika picha yake juu ya cherehani. Mimi nilikataa kuhamia Nyumba Kuu. Nilisema nani atawasagia watu. Alituma salamu kwamba anaelewa.

Asubuhi moja, jua likiwa limekwisha kuwa kali, nilisikia ngurumo ambayo haikuwa ya mashine. Tipa zilikuwa zikiingia mjini kwenyewe. Hazikupita vilimani, vilima vilikuwa vimejaa. Zilikuja kwa barabara kuu, taratibu, moja nyuma ya nyingine, na bendera ndogo mpya mbele. Watu walitoka majumbani. Wengine walipunga mikono. Ya kwanza iligeuka, ikaja kinyumenyume mpaka mlangoni pangu, ikasimama, ikavuma.

Mwatima alikuwa amekuja na debe lake la mahindi. Alilitua chini, akalikalia, pale pale katikati ya mlango na tairi. Nikaenda nikakaa karibu naye.

Dereva aliteremka. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, na shati lake limepigwa pasi. Alitukuta tumekaa, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Mzee Shaame?"

"Ndimi."

"Mama Rais anakusalimu sana." Alisita, akaikunja kofia mikononi. "Amesema, kwako tumwage polepole."

Nikamtazama. Aliinamisha macho, akarudi garini, akafunga mlango bila kuubamiza. Nyuma yangu nilisikia watu wakikusanyika, na Machano akimuuliza mtu kama kweli tuna ruhusa ya kukaa pale. Mwatima alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu.

Kisha bodi la tipa likaanza kuinuka, polepole, kama alivyoagiza.